Tapi mbele yangu, nangoyea kere ao switi, paka batatu njo banalipwa: kulala ao kulipa?

mwana_kamalondo

Jambo yenu bote. Niko Lubumbashi, kuna katurnua ka poka tunachezaka mwisho ya mwezi kwa rafiki moja huku Kamalondo, Texas Hold'em ya kawaida, meza mbili, kasiye ya Simba na grupu pembeni juu kura inakatikaka saa yenye inataka. Batu 20, kila mutu dola 20, inafanya 400. Wa kwanza 200, wa pili 120, wa tatu 80, wa ine anarudia kwake na miguu.

Tulibakia bane. Jetoni yote mu meza ni 100 000. Mbele ya mukono kuanza shemeji yangu eko na 34 000, yaya moja mwenye anatumika ku mine 30 000, miye 26 000, na kuna petiti moja wa Katuba na 10 000 tu, anahema juu juu. Blaindi (jetoni ya lazima mbele ya kuona karte) 1000 na 2000. Petiti analala (anatupa karte) wa kwanza, shemeji eko ku butoni (fasi ya kugawa karte) anaweka 5000, yaya wa mine anatupa, anaacha 1000 yake mu poti, miye niko mu blaindi kubwa na 9 na 8, yote ya kere, naongeza 3000 tuone. Poti 11 000, mbele yangu nabakia na 21 000.

Flopu (karte tatu za kwanza za meza): rwa ya kere, 7 ya kere, 6 ya piki. Roho ikaruka! Kere yoyote inanipa kulere (tano za rangi moja), 10 yoyote ao 5 yoyote inanipa switi (tano za kufuatana). Me kwa saa ile siko na kitu, hata peyari. Nikagonga meza (siweke kitu), shemeji hakuwaza hata, anasema "tapi", jetoni zote mara moja. Eko na jetoni ya kunipita, donki nikilipa na nikipoteza natoka wa ine, zero.

Nikaangalia ile karte yangu murefu, mpaka batu banaanza kusema nilipe ao niende kusaidia kupika bukari, kisha nikatupa. Yee hakuonyesha yake. Kisha petiti wa Katuba akashika jetoni ya yaya wa mine akapanda, blaindi ikanikula polepole, na mi njo nilitoka wa ine. Sasa jina yangu ni Papa Kulala. Hata bibi yangu ananiambia kaka yake angali anacheka ku simu.

Mi naona nilifanya muzuri, shida ni kueleza, nikifungula kinywa banasema ni woga. Mwenye anajua mahesabu aseme: turnua, mulango wa falanga (moja tu atoke, bengine bote balipwe), tiraji (karte zenye zingali zinangoyewa) kubwa vile, mutu anaweka maisha yote ao analala?

tapi_tupu

Papa Kulala 😂😂 jina inakufaa, usikatale

Hesabu ni ya mutoto wa primeri. Kere zenye kubakia 9. 10 ni ine, 5 ni ine, inafanya 8, tosha 10 ya kere na 5 ya kere juu umeisha kuzihesabia, inabakia 6. 9 na 6 ni 15. Karte mbili zingali zinakuya, unafanya 15 mara 4, asilimia 60!! Mutu eko na peyari ya rwa, weye hauna hata peyari ya 2, na weye njo favori. Hiyo unaionaka mara ngapi? Na banakuomba 21 000 juu ya kupata 32 000 yenye iko mu meza, unangoyea nini tena, malaika akuye akupige ku bega?

Wangalie Chris Moneymaker, turnua kubwa ya poka ya dunia, 2003, Las Vegas. Kontabile tu, hakuna mwenye alimujua, aliingia kwa kupitia katurnua ka ku intaneti, batu 839 mu turnua kubwa. Banabakia babili na Sammy Farha. Moneymaker eko na rwa na 7, ku turni (karte ya ine ya meza) anangoyea switi na kulere pamoja SAWA WEYE, riva (karte ya tano, ya mwisho) inakuya haileti kitu, na anaweka tapi vile vile na rwa tupu. Farha eko na peyari ya 9, analala. Mwisho anashinda turnua, dola milioni 2 na nusu bandugu. Kama alikuwa Papa Kulala angali anahesabu bafaktire ya batu kule Tennessee

yaya_belair

Tapi, 15 uko na haki. 60 hapana. Ile njia ya mara 4 ni ya haraka haraka, inasaidia kama karte zako ni 8 ao 9, zikipita pale inaanza kudanganya juu inahesabia mara mbili ile mikono yenye turni na riva zote zinakusaidia. Hesabu ya kweli: kukosa ku turni ni 32 juu ya 47, kukosa tena ku riva ni 31 juu ya 46, ukizidisha unapata karibu 46 ku 100. Kupata ni 54. Ingali favori lakini ya kiloko.

Sasa poti. Analipa 21 000 mu poti yenye itafika 53 000, maana anahitaji karibu 40 ku 100 juu asipoteze jetoni. Eko na 54. Kama ingelikuwa meza ya kawaida, ile unaingia na falanga yako na unatoka saa unataka, mwenye kutupa ile karte tungemucheka bote, na mi wa kwanza.

Me pale haikukuwa meza ya kawaida. Jetoni ya turnua hauende nayo kununua unga. Wangalia vizuri: bane bakiwa sawa sawa, kila mutu na 25 000, kila mutu "eko na" dola 100 mu ile 400. Sasa moja akule jetoni yote ya mwenzake, afike 50 000. Atakuwa na dola 200? Hapana, karibu 153. Juu hata akikula meza yote, wa kwanza anapewaka 200 tu, ile 120 na ile 80 zitaenda kwa bengine. Mwenye kupoteza anaacha 100 nzima. Unaweka 100 juu ya kutafuta 53. Na ile dola 47 yenye ilipotea kati? Iko mu mifuko ya bale babili benye walikaa banakunywa Simba na kuangalia.

Hii hesabu banaitaka ICM. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni sehemu yako ya jetoni. Kwa wa pili unatosha mwenye alishinda, unagawanya jetoni zenye zinabakia, unaangalia sehemu yako tena, na vile vile kwa wa tatu. Kisha unazidisha na falanga. Ku simu kuna tuprogramu twa bure tunafanya hiyo mu sekonde moja, mimi nilifanya na za Kamalondo:

Akilala anabakia na 21 000, shemeji 40 000, yaya wa mine 29 000, petiti 10 000. Hapo eko na karibu dola 97.
Akilipa na kushinda eko na 53 000. Karibu dola 154.
Akilipa na kupoteza, zero.

54 ku 100 ya 154 ni 83. Kulala 97, kulipa 83. Juu kulipa ikuwe sawa na kulala alihitaji karibu 63 ku 100, na ile hakuna. Dola 14 mu turnua ya kuingia na 20, haiko kitu kiloko.

Na kuna kitu moja yenye ICM haione: nani atalipa blaindi mukono unaofuata. Petiti alikuwa wa kwanza kusema, donki mukono unaofuata yee njo blaindi kubwa, anatosha 2000 mu 10 000 yake hata mbele ya kuona karte. Kukufa na 21 000 wakati mwenye 10 000 angali anahema pembeni yako, hapana. Kama kisha alipanda, alipanda, hiyo haibadilishe kama kutupa kulikuwa muzuri ao mubaya kwa ile saa.

tapi_tupu

Yaya hesabu yako ni ya muntu wa banki, me hivi njo batu banaingiaka wa tatu maisha yote, 80, 80, 80, unarudisha ya kuingia na ya bia na unasema umecheza. Mwenye alikuwa analipa na anashinda angekuwa na 53 000 mu meza ya 100 000, angewakanyaga bote, shemeji anabakia na 8000 analia. Hiyo nguvu ya kukanyaga ICM inaihesabia wapi??

yaya_belair

Haiihesabie muzuri, hapo nakubali. ICM inafanya sawa vile batu bote wanacheza sawa. Kama unajua kweli kutumikisha jetoni mingi, 154 inaweza kupanda kiloko. Me kufika pale 54 ikuwe sawa, ile 154 ingepashwa kuwa karibu 180, na wa kwanza mwenyewe ni 200. Nani mu ile meza eko na nguvu vile?

mapendo_bkv

Habari za kwenu, mie niko Bukavu, huku tunacheza wanawake na wanaume pamoja, kidogo kidogo, dola 5. Naomba niongeze neno juu ya Moneymaker maana kaka Tapi amemleta vibaya.

Kwanza, walikuwa wamebaki wawili. Wakibaki wawili hakuna tena mambo ya kupanda ngazi, wa pili ameshapata yake (Farha alienda na milioni 1 na laki 3), kinachobaki kupiganiwa kinaenda sawasawa na jetoni. Kule Kamalondo walikuwa wane na wa nne hapewi kitu.

Pili, na hii njo kubwa: Moneymaker hakulipa tapi ya mtu. YEYE njo aliiweka. Farha njo alibaki anakuna kichwa na peyari yake. Ukiweka wewe na karte zingali zinakuja, uko na njia mbili za kushinda, mwenzako alale ao karte ikuje. Ukilipa uko na moja tu, karte ikuje. Tiraji ileile, jetoni zilezile. Huku kwetu wengi wanafanya kinyume, wana tiraji wanagonga meza kwa aibu, wanangoja wapigwe, kisha wanalipa kila kitu wakiomba Mungu.

Mtu akitaka mfano wa kulipa, achukue Stu Ungar 1980, mkono wa mwisho wa turnua ileile kubwa, yeye na Doyle Brunson. Ungar 5 na 4, flopu asi, 7, 2. Alikuwa anangoja 3 tu, karte ine mu karte 47, chini ya 9 ku 100! Brunson asi na 7, peyari mbili. Ungar akalipa flopu, turni ikaleta 3, kisha njo jetoni zote zikaingia na Brunson akaisha. Lakini ku flopu alilipa sehemu ndogo tu ya jetoni zake, nyuma kulikuwa na mlima wa kushinda ikikuja. Kama Brunson angeweka tapi ku flopu ile, kulipa ingekuwa wazimu.

Kwa hiyo swali langu kwa mwana_kamalondo: kwa nini uligonga meza?

mwana_kamalondo

Aksanti dada Mapendo. Niligonga juu yee njo aliongeza mbele ya flopu, tunazoea kumuachia mwenye aliongeza aseme. Donki unasema mi ningesukuma tapi wa kwanza? Na 21 000 mu poti ya 11 000? Shemeji angenifuata, yee hapendake kulala mbele yangu hata siku moja, ni mambo ya familia

mapendo_bkv

Hapo sasa umejibu wewe mwenyewe 😅 kama halali mbele yako, ile njia ya kwanza imekufa na unabaki na 54 yako.

yaya_belair

Tuhesabie. Akisukuma wa kwanza na shemeji analala, anashika 11 000, anakuwa na 32 000, karibu dola 120. Shemeji akilipa, ni ile 83 ya mbele. Kugonga na kutupa ni 97. Donki shemeji akilala karibu mara 4 mu mara 10, kusukuma inakuwa sawa na kutupa, akilala zaidi ya pale kusukuma inapita. Mutu wa kawaida mwenye aliongeza ku butoni, rwa ikaanguka mu flopu, mara mingi hana rwa. Na yee pia akilipa na kupoteza anabakia na 8000, mwisho ya meza, chini ya petiti. Mutu wa akili angeogopa. Shemeji kama hii hapana sijui, weye njo unamujua.

mama_wa_kenya

Miye naingilia juu naona muko mnafanya sawa vile shemeji lazima eko na rwa. Nani aliona rwa? Hakuonyesha! Nacheza na babaume wa vile huku komini Kenya ya Lubumbashi, mutu mwenye eko na rwa mbili ao peyari nguvu mu mukono hasukume 21 000 mu poti ya 11 000, anaweka 4000, anakuvuta polepole, anakuuliza na habari ya batoto. Ile tapi ya haraka bila kuwaza, mimi nasikiaka harufu ya asi na dame, hana kitu, anajua tu shemeji yake eko na tabia ya kuhesabu.

Na kama ni asi na dame bila kere, mahesabu yenu inabadilika juu 9 na 8 pia zinakuwa karte za kumusaidia, peyari ya 8 inatosha kumupiga. Hapo haiko 54 tena. Yaya fanya ile hesabu yako.

yaya_belair

Mama uko na haki, hiyo sikuiweka. Juu ya asi na dame bila kere anapanda karibu 69. Na 69 inapita 63, donki kulipa inakuwa muzuri hata ku mulango wa falanga.

Me pande ingine pia iko. Kama shemeji eko na asi na karte ingine za kere, zile kere zote zinakuwa zake, mwana_kamalondo anashuka chini ya nusu. Kama eko na 7 mbili ao 6 mbili mu mukono, vile vile chini ya nusu. Tukiacha hizo, tuseme tu mara ingine anadanganya (69) na mara ingine eko na rwa (54), juu kufika 63 inaomba akuwe anadanganya karibu mara 6 mu mara 10. Ukiongeza zile mbaya, zaidi. Mwana_kamalondo, shemeji anadanganyaka vile?

mwana_kamalondo

Ku mambo ya kurudisha deni, ndiyo 😂 Mu karte, mara ingine. Zaidi ya nusu hapana, siwezi kumusingizia. Me mama wa Kenya amenitia wazo, ile haraka yake... anazoea kushika glasi yake mbele ya kusukuma kama eko na kitu. Ile siku sikumbuke kama alishika.

mama_wa_kenya

Njo uangaliake mikono ya batu, hapana karte yako. Karte yako haikimbie.

tapi_tupu

Bon mi naona munanizunguka munne juu ya moja. Nasema hivi, 54 ku 100 na mutu analala, mi siwezi, damu yangu haikubali. Me ile ya kusukuma wa kwanza, pale dada wa Bukavu anasema kweli, mi nayo njo nafanyaka, nilisahau tu kuisema

mapendo_bkv

Ulisahau sana kaka.

mwana_kamalondo

Aksanti bote. Kitu moja tena, juu mwisho ya mwezi inakaribia. Banataka kubadilisha: yaya wa mine anasema kugawanya falanga inaleta makelele, tucheze 400 yote kwa wa kwanza, bengine zero. Shemeji amekubali mbio mbio. Ile mukono ikirudi sawa sawa, jetoni zile zile, bane, tapi mbele yangu?

yaya_belair

Ile siku unalipa. Kama falanga yote ni ya wa kwanza, kuwa wa pili ao wa ine ni kitu moja, jetoni na falanga zinatembea pamoja, unarudia ku ile 40 ya poti na uko na 54. Me kama ni kere tu bila switi, tuseme 9 yako iko na dame pembeni, ni karte 9, na hiyo ni 35 ku 100. 35 haifike 40. Pale unatupa, hata shemeji acheke.